Hesabu ya Siagi, Manitowoc

Waliileta Februari, kwa lori lenye minyororo magurudumuni,
wanaume sita, na ikabidi tung'oe mlango wa stoo ya jibini
ndipo ikapita.
Kabati la chuma, rangi ya wingu lisilonyesha.
Ukilifungua: valvu elfu na ushei,
safu kwa safu kama mayai kwenye trei,
kila moja na uzi mwekundu kooni,
kioo kilichonyonywa hewa
ili umeme usijikwae njiani.

Wafugaji wetu walikuwa mia tisa na arobaini.
Kila mmoja, kila wiki mbili: ratili za maziwa,
zidisha kwa asilimia ya mafuta, zidisha kwa bei ya siagi,
toa nauli ya lori, toa deni la pumba.
Zamani hesabu hiyo ilikuwa ya Ottilie Vranek.
Miaka kumi na tisa ya kubonyeza mashine ya mkono
ilimpinda kidole cha shahada;
kahawa aliikoroga kwa kushoto.

Sasa kadi inaingia, ngumu, rangi ya krimu,
matundu pale ambapo mtu alikuwa na jina.
Brashi za shaba zinaipapasa,
na kabla haijafika mdomo wa pili
jibu lipo, limetobolewa pembeni.
"Kadi mia kwa dakika," fundi Haskett alijigamba.
Ottilie akauliza, "Na inajua kwamba ni maziwa?"
Haskett alicheka. Ottilie hakucheka.

Mimi kazi yangu ilikuwa trei.
Nilizipepeta kadi zisigandane, nikazigonga mezani zilingane kingo,
na Ijumaa nilimwaga gunia la punje za karatasi,
vitundu vyote tulivyotoboa, visivyo na maana tena.
Nje ziwa lilikuwa limeganda hadi upeo wa macho;
ndani tulivua sweta.
Mikate yetu tuliipasha juu ya kabati.
Paka wa kiwandani alihamia bila kuaga.

Usiku wa malipo, Machi,
Ottilie alizipitia hundi kwa dole gumba
kama mtu anayepapasa kitambaa dukani bila nia ya kununua.
Akasita.
"Anton Wojta. Ng'ombe kumi na moja, mmoja kipofu.
Siagi yote hii kaitoa wapi?"
Jumla ilikuwa safi. Matundu yalikuwa safi.
Mashine haikuona haya, maana haina uso.
Akageuza bahasha, akazidisha kama watawa walivyomfunza,
akibeba moja, akibeba tatu, midomo ikicheza.
Dola themanini zimezidi.
Na si yeye peke yake: kuanzia Wojta hadi Zeman
wote walikuwa wametajirika.

Haskett alikuja na pajama ndani ya koti.
Akazima taa. Tukabaki na ule wekundu,
elfu moja, mdogo mdogo, kama makaa yanayosikiliza.
Akagonga valvu moja baada ya nyingine kwa raba ya penseli,
saa nzima, hakuna aliyekohoa,
mpaka moja ikapepesa.
"Huyu," akasema,
akamng'oa kwa leso, maana alikuwa wa moto.

Tulipitisha kadi upya hadi kukacha.
Ottilie aliketi pembeni na penseli,
katika kila ishirini akichomoa moja, akiikokotoa kwa mkono.
Hakuna aliyemtuma.
Mwezi uliofuata wakubwa waliliandika hilo katika kanuni
kana kwamba walilifikiri wao.

Jumatatu Wojta alileta mikebe yake. Nikamsimulia.
Alitafuna kijiti cha kiberiti muda mrefu.
"Themanini," akasema. "Mngeiacha basi, ije inikamulie."
Kisha akaomba aione.
Alisimama mbele yake, kofia mkononi,
theluji ya buti ikiyeyuka sakafuni,
halafu taratibu akageuka,
akaipa mgongo,
apate joto.